Kabla ya kufunga mpaka, wataalamu wasikilizane

Juni 2019, familia iliyomuuguza babu yao Kongo hadi akafa kwa Ebola iliingia Kasese, Uganda, kwa njia ya panya. Mtoto wao wa miaka mitano akafia Bwera. Vipimajoto vya mpaka wa Mpondwe vilikuwa vikifanya kazi, lakini hupima anayepita mbele yake tu. Kwa nini mtu mwenye mgonjwa aliache lango na kushika kichochoro? Jibu hilo haliko maabara. Analo anayejua kwamba Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda ni ndugu, na kwamba msiba haungoji muhuri.

Mlipuko ule wa Kivu uliua watu zaidi ya 2,200. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, huku masoko na makanisa yakiendelea. Wananchi wakaandamana na kituo cha wagonjwa Beni kikashambuliwa. Wapo walioliita hilo ujinga. Watafiti wa jamii waliokaa na kusikiliza waliona kutoaminiana kwenye mizizi ya vita na siasa, jambo ambalo chanjo peke yake haiwezi kulitibu. Baadaye kitengo cha sayansi za jamii chini ya UNICEF kilifanya kazi bega kwa bega na wanaohesabu wagonjwa. Ilipaswa iwe hivyo siku ya kwanza.

Hata hivyo, msomi wa jamii naye asipewe hati ya kupita bure. Hadithi tamu ya mzee mmoja haitoshi. Aseme alihoji wangapi, kwa lugha gani, na nani alimchagulia wa kuwahoji. Na mwenye takwimu aseme wangapi hawakuhesabiwa kwa sababu walifia nyumbani. Mfanyabiashara anayenunua maharage haoni ajabu hapo: huangalia mizani, kisha huuliza gunia limetoka wapi.

Gharama ya wasomi kutosikilizana huilipa yeye. Julai 17, 2019, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa na kushauri mipaka isifungwe. Wiki mbili baadaye, Agosti 1, mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa saa kadhaa. Kwa mama wa nyanya aliyekwisha kununua mzigo, saa hizo ni mtaji. Na lango likifungwa, kichochoro cha Kasese kinapata wateja zaidi.

Kongo sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wakubaliane sasa, kabla ya mlipuko mwingine: hakuna lango litakalofungwa kabla ripoti mbili hazijawekwa mezani, ya maabara na ya watafiti wa jamii, kila moja ikieleza ilivyopatikana. Viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wa mpakani wapewe nakala, kwa Kiswahili, siku hiyohiyo.