Usimpokonye mtoto sufuria, mtoe nje

MPE mtoto wa mwaka mmoja na nusu sufuria na mwiko, na baada ya dakika mbili nyumba haikaliki. Katika ploti zetu za mjini, ambapo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, kelele hiyo huzua mambo. Jirani aliyekesha kazini atagonga ukuta, mama ataona haya, na mtoto atapokonywa sufuria na kuketishwa mbele ya runinga. Amani itarudi, lakini mtoto atakuwa amenyimwa somo.

Naam, msomaji, hilo lilikuwa somo. Mtoto anapogonga, anagundua kwamba mkono wake unaweza kutoa sauti, na kwamba ni yeye anayeamua kama itakuwa kubwa au ndogo. Mdundo nao si jambo geni kwake. Mwaka wa 2009, watafiti nchini Hungaria walionyesha kuwa ubongo wa mtoto wa siku mbili au tatu hutambua pigo linaporukwa katika mdundo wa ngoma.

Dawa basi si kumnyamazisha, bali ni kumtoa nje saa ambazo jirani halali. Uani, sauti haivumi kama ndani ya kuta za simiti, na mtoto ana nafasi ya kucheza kwa mwili mzima. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kila siku. Mwenye mwaka mmoja hafai kuketishwa mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja, dakika hizo 180 zitatoka wapi kama si nje?

Wala huhitaji kununua chochote. Mkebe mtupu ni ngoma. Chupa ya plastiki yenye maharagwe machache ni kayamba. Hata kayamba yenyewe ya Wamijikenda ni matete yaliyotiwa mbegu. Lango la chuma, shina la mti na ndoo, kila kimoja kina sauti yake. Hakikisha tu kwamba kifuniko cha chupa kimekazwa sawasawa, kwani mbegu moja inaweza kumsakama mtoto kooni, na mkebe usiwe na makali.

Kisha cheza naye. Piga ngoma, atembee. Nyamaza ghafla, asimame. Mchezo huo humfunza kusikiliza na kujizuia. Piga upesi akimbie, piga polepole anyate, na maneno hayo mawili atakuwa ameyajua kwa miguu yake. Lugha yetu nayo imejaaliwa silabi zinazosikika waziwazi. Pigeni makofi mkitamka pa-ka, ndi-zi, ka-ra-nga. Mtoto aliyezoea kukata maneno hivi hatashangaa akikutana na silabi hizo ubaoni siku atakapofika nasari.

Waite na watoto wa jirani. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, waliripoti kuwa watoto wa miezi 14 waliorushwarushwa sambamba na mtu mzima kwa mdundo mmoja walikuwa wepesi kumwokotea mtu huyo kitu alichoangusha, kuliko wale ambao mwendo wao haukupatana na wake.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Mchezo huu unaweza kukuonyesha kama mtoto anasikia. Keti nyuma yake mahali asipokuona, kisha utikise kayamba. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Asipogeuka tena, au akifika mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno lolote, usikubali kutulizwa kwamba 'atazungumza tu, hata baba yake alichelewa'. Mpeleke kliniki apimwe masikio. Kama wewe hushinda kazini, mweleze yaya naye ajue cha kutazama.

Tatizo la masikio likigunduliwa mapema, mtoto husaidiwa kabla lugha haijampita. Udongo uwahi ungali maji.