Yeyusha Mwenyewe

Tuanze na bei. Kuna mkahawa mmoja hapa Nairobi, sitautaja, ambao Februari ulikuwa ukiuza fondu ya chokoleti ya watu wawili kwa pesa ambazo zingejaza mtungi wa gesi wa kilo 6 na bado nauli ya kurudi Rongai ibaki. Kwa hela hiyo ulipata bakuli dogo la chokoleti iliyoyeyushwa, mshumaa chini yake, vipande vya ndizi, stroberi nne (nilizihesabu), na kijana mwenye tai aliyekuja kila baada ya dakika tano kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Hakikuwa sawa. Ndizi ni ndizi. Ni ile ile ya mama mboga, imekatwa tu mshazari.

Sina ugomvi na chokoleti. Ugomvi wangu ni na wale waliotushawishi kwamba jioni ya wapenzi ni bidhaa, inauzwa na wenye viti vya velveti, na kwamba ukiiandaa kwako, kwenye bedsita yako ya Kahawa West au Kayole, basi wewe ni bahili, au umesota, au humpendi mtu wako vya kutosha. Kuna vijana wanakopa kwenye simu ili wapige picha tarehe 14, halafu Machi wanajificha landilodi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo sina digrii ya uchumi, lakini hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Kwanza mjue mnachouziwa. Fondu ni neno la Kifaransa, na maana yake ni "iliyoyeyushwa" tu, hamna maajabu. Chakula chenyewe ni cha Uswisi: watu wanayeyusha jibini na divai kwenye chungu kimoja, wanakizunguka, wanachovya mkate. Hata huko, kilichokisambaza kikawa chakula cha taifa zima ni muungano wa wauza jibini, ambao kuanzia miaka ya 1930 ulikipigia debe kwa sababu ulikuwa na jibini ya kuuza. Ile ya chokoleti ni changa zaidi, na haikuzaliwa hata Uswisi. Ilizaliwa New York katikati ya miaka ya 1960, kwenye mkahawa wa Chalet Suisse wa Mswisi aitwaye Konrad Egli, ikiwa sehemu ya kampeni ya kutangaza chokoleti ya Toblerone. Tangazo la biashara! Hakuna nyanya wa milimani aliyemrithisha mjukuu wake siri ya bakuli. Kulikuwa na mtu mwenye mzigo wa kuuza na mtu mwenye mkahawa.

Hapo najua kuna msee atadakia: si unaona, uzungu mtupu, mpikie mtu wako matoke. Mimi naisoma habari hiyo kinyume. Kitu kisicho na mila hakina mwenyewe. Huwezi kukikosea adabu, hakuna mzee atakayekukemea kwamba umekipika vibaya, na hakuna uma wa lazima. Ilikuwa ujanja wa biashara, sasa chukua ujanja uache biashara. Na kuhusu kuchovya, jameni, nani hasa atatufundisha? Sisi tunaomega ugali na kuubonyeza kwa kidole gumba tupate mahali pa kubebea mchuzi? Nenda Mombasa asubuhi uone mahamri yanavyozamishwa kwenye mbaazi za nazi. Nenda Lamu uone watu wamezunguka sinia moja, kila mmoja anakula upande wake na bado anamsogezea mwenzake kinofu. Kula chombo kimoja na mtu ni jambo la karibu sana, na tumelijua kabla ya Egli kuwasha mshumaa wake.

Haya, kazi. Chokoleti gramu 200. Kabla hujalipa, geuza pakiti usome nyuma. Ukiona siagi ya kakao, sawa. Ukiona mafuta ya mawese yamechukua nafasi yake, hiyo ni ya kufunikia keki. Itayeyuka, ndiyo, lakini itakuachia utando mdomoni kama ulirambishwa mshumaa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto la chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana chokoleti nzuri inapotea ulimini bila kutafunwa, na kama kuna sababu yoyote ya kweli ya kuihusisha na mapenzi, basi ni hiyo. Zingine ni kadi na mabango.

Ikate vipande vidogo. Chemsha maji kiasi cha vidole viwili kwenye sufuria, punguza moto, kisha kalisha juu yake bakuli la chuma ambalo tako lake haligusi maji. Mvuke unatosha. Ukiiweka chokoleti moja kwa moja juu ya meko itaungua kabla hujamaliza kujibu meseji. Ikishayeyuka, mimina krimu ya moto mililita 150, yote kwa mara moja, ukoroge polepole kutoka katikati kwenda nje. Huna krimu? Maziwa ya pakiti, yale mazito, punguza kidogo kipimo. Chumvi, chembe tu. Iliki mbili zilizotwangwa. Anayependa kahawa aongeze kijiko cha kahawa nzito, na kwa nchi inayolima kahawa kama ya Nyeri na Kirinyaga kisha inakunywa ya unga wa kopo, hiki kijiko kimoja ni kama kuomba msamaha.

Adui yako ni tone la maji. Tone moja likiingia chokoleti ikiwa bado peke yake, inakakamaa papo hapo, inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, kwa sababu sukari na unga wa kakao vinang'ang'ania kile kimaji kidogo na kushikamana. Wengi hutupa wakifikiri imeharibika. Usitupe. Ongeza maziwa ya moto, kijiko baada ya kijiko, koroga, italegea. Kidogo ndicho kinachoharibu; kikiwa kingi kinaponya. Kwa sababu hiyo hiyo, matunda yakaushe kwa kitambaa safi kwanza: nanasi, embe la Makueni likiwa msimu, ndizi isiyoiva kupita kiasi. Mahamri ya jana yaliyokatwa mraba yanashinda stroberi, na sitaki mjadala juu ya hilo. Uma wa fondu ni kijiti cha mshikaki.

Kuna jambo moja sitalitania. Usilete jiko la makaa chumbani eti liweke bakuli moto na lilete mwanga wa mapenzi. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia, huamki. Msimu wa baridi haupiti bila habari za waliolala na jiko ndani. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji moto kutoka kwa thamosi, ubadilishe maji yakipoa. Hivyo tu.

Sasa nimfikie mzee wetu mwingine, yule anayesema mwanamume akishika mwiko amekaliwa. Huyu simjibu kwa hoja. Huyu amekula chapati za kibandani zilizosukumwa na mwanamume kila siku ya maisha yake, na choma yake ikachomwa na mwanamume, na hajawahi kulalamika mpaka mwanamume alipompikia mwanamke. Kinachomuudhi hakiko kwenye mwiko. Kinachomuudhi ni nani anayeandaliwa.

Lakini kuna pingamizi moja lenye uzito, na linatoka kwa wanawake. Ukimwambia mtu "njoo kwangu nikupikie", unamwambia nini hasa? Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine dhidi ya mauaji ya wanawake, baada ya wiki kadhaa za habari za kutisha, zikiwemo za wanawake waliouawa kwenye vyumba vya kukodi vya muda mfupi. Baada ya hapo, mwanamume anayeshangaa kwa nini msichana aliyemjua juzi hataki kuja keja, huyo hasikii. Anayemchagua mkahawa wenye taa na watu, hata wa stroberi nne, wakati mwingine hanunui anasa. Ananunua mashahidi. Kwa hivyo niseme wazi: hii si sahani ya kukutana mara ya kwanza. Mara ya kwanza ni chai na mandazi mahali pa watu, na kila mtu ajue njia yake ya kurudi. Fondu ya nyumbani ni ya watu wanaojuana, walioshaambiana siri na madeni, na hata hao, akisema saa tatu naenda, saa tatu umsindikize stejini. Chokoleti haijalipia chochote.

Ndiyo maana pia sitaki simu mezani. Fondu haisubiri, ukitafuta pembe ya mwanga, inaganda. Kama jioni ni yenu, wafuasi wako wanafanya nini pale?

Na tusijidanganye kwamba tukihama mkahawani tumetoka sokoni. Ile gramu 200 ina historia. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana, na mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia sahihi ahadi ya kukomesha aina mbaya zaidi za ajira ya watoto kwenye mashamba hayo kufikia 2005. Muda ukasogezwa, ukasogezwa tena. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno mabaya, nasi tukaona mche wa chokoleti ukipanda bei au ukipungua unene dukani. Karibu zaidi na sisi, kakao inalimwa Bundibugyo, Uganda, na Kyela, kusini mwa Tanzania. Ukipata chokoleti iliyotengenezwa huku kwa kakao ya huko, nunua hiyo. Wapenzi wa Ulaya wanapeana waridi za Naivasha bila kujua Naivasha iko wapi. Sisi angalau tunaweza kujua Kyela iko wapi.

Ikibaki kwenye bakuli, usikimbilie sabuni. Mimina maziwa moto, kwangua pembeni na kijiko cha mbao, gawa kwa vikombe viwili. Sufuria ataosha yule ambaye hakupika.