MTOTO ANAUZA SURA, PROGRAMU KAANDIKA FUNDI! WAZAZI WA MJINI MNAWAUA WATOTO KWA KIKI

Zamani mastaa wa mjini walikuwa wanagombania kuposti magari na mijengo. Sasa hivi fasheni ni mtoto kuwa "injinia". Yupo baba mmoja, kwenye mambo ya burudani jina lake halihitaji utambulisho, kajaza ukurasa wake picha za binti yake wa kidato cha pili akiwa na roboti ya mashindano. Chini ya picha kaandika kwamba binti kaiandikia programu mwenyewe, kwa wiki tatu tu! Watu wakamwaga laiki kama mvua.

Ukweli ni kwamba programu ile iliandikwa na fundi kompyuta wa kulipwa, usiku, watoto wamelala zao. Waliokuwepo ukumbini waliona kilichotokea. Roboti ilitakiwa iende mbele, ikate kushoto, isukume kibao. Ikaishia njiani. Jaji akamuuliza binti, tena kwa upole kabisa: "Kwa nini imesimama hapo?" Binti akamwangalia baba. Baba akamwangalia fundi. Fundi akaangalia simu yake.

Jamani! Roboti kusimama sio aibu. Za wanaoanza zinasimama kila siku, dunia nzima. Aibu ni mtu mzima kumpeleka mtoto mbele za watu akajibu mtihani ambao daftari lake alinyimwa.

Na jibu lenyewe lilikuwa jepesi. Roboti ilikuwa imeambiwa iende mbele kwa sekunde nne. Betri ikijaa, sekunde nne zinafika mbali. Betri ikipungua, mota inazunguka kichovu, sekunde ni zilezile lakini umbali umepungua. Mwanafunzi akichemsha hivyo mara mbili, ya tatu anaachana na sekunde, anahesabu mizunguko ya tairi. Tairi ya kipenyo cha sentimita 5.6 ikizunguka mara moja inatembea kama sentimita 17.6. Unataka sentimita 88? Mizunguko mitano, basi. Hiyo ni pai ileile watoto wanayoikariri darasani bila kujua inafanya kazi gani. Kumbe kazi yake ndiyo hii! Fundi alipomaliza kila kitu usiku, somo hilo akaondoka nalo yeye, na hela juu.

Wazazi wa aina hii wana utetezi wao: "Bila fundi tungeshindanaje?" Utetezi hauna miguu. Chukua FIRST LEGO League. Pale roboti inajiendesha yenyewe kwa dakika mbili na nusu, hakuna rimoti, na kazi inatakiwa iwe ya watoto. Halafu majaji wanakaa na watoto hao hao, wanawauliza mmetengenezaje, mmekosea wapi, mmerekebishaje. Sasa mtoto ambaye hajakosea chochote kwa sababu hajagusa chochote atajibu nini?

Siku hiyo hiyo kulikuwa na timu ya shule ya kata, watoto sita kompyuta moja. Roboti yao ilikuwa inafuata mstari mweusi. Darasani kwao ilifuata vizuri, ukumbini ikadata, ikawa inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mmoja wao, binti mdogo tu, akagundua taa za ukumbi ni kali kuliko za darasani. Akapima upya kihisi cha mwanga, lile jicho la roboti: juu ya nyeupe kikasoma 80, juu ya nyeusi 10. Akajumlisha, akagawa kwa mbili, akaandika 45. Roboti ikashika mstari. Wenzake wakapiga kelele ukumbi mzima ukageuka! Kombe hawakupata. Hakuna staa aliyewaposti. Ila yule binti akienda kwenye ukumbi mwingine wowote, anajua pa kuanzia.

Hakuna anayekataa msaada. Anayeanza anahitaji mtu wa kumwelekeza. Lakini mwelekezaji mzuri anaweka mikono mfukoni, anauliza maswali: umeiambia roboti ifanye nini? Imefanya nini? Tofauti imetoka wapi? Kibodi anaiacha kwa mtoto, hata kama kazi itachukua Jumamosi nzima. Mtoto hajifunzi kuendesha baiskeli kwa kubebwa nyuma.

Na huyu baba alijue hili. Inasemekana binti yake alivyorudi nyumbani siku ile alisema kompyuta hazitaki tena, yeye hana akili ya mambo hayo. Miaka 14, kashajihukumu, kwa programu ambayo hata hakuiandika! Picha bado ziko ukurasani, laiki zinaendelea kuongezeka. Hizo laiki zitamfundisha nini mtoto?

Mdau, ungekuwa wewe ndiye mzazi ungefanyaje? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.