Msanii Hakatwi Vipande

Ipo kasumba moja iliyokaa sana katika shule zetu, na hata katika baadhi ya ofisi zinazoshughulikia sanaa, nayo ni ile ya kumtaka kila msanii achague chumba chake kisha ajifungie humo. Mwimbaji na aimbe, mwigizaji na aigize, mwandishi na aandike vitabu. Akitokea kijana ambaye leo yuko jukwaani, kesho anatunga muziki, na keshokutwa anaandika maneno ya filamu ya katuni au ya mchezo wa kompyuta, huo ambao vijana wenyewe huuita gemu, huambiwa kwamba anatangatanga, na hapo hapo hutupiwa methali ya mshika mawili. Sisi twasema kwamba methali hiyo imewekwa mahali pasipo pake, na kwamba kijana huyo yu karibu zaidi na jadi yetu kuliko hao wanaomkemea.

Mtambaji wa hadithi katika jamii zetu alikuwa nani? Alikuwa msimulizi na mwimbaji kwa wakati mmoja. Alikuwa fisi, kisha sungura, kisha bibi kizee, bila ya kubadili nguo. Alipofika mahali pa wimbo aliuanzisha, na wasikilizaji wakaupokea. Aliposema paukwa hakuweza kuendelea mpaka ajibiwe pakawa. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni mtu wa muziki ama mtu wa maigizo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze na ilimba, akaimba, akacheza ngoma, akafundisha Bagamoyo, na dunia nzima ikamsikiliza. Hatujapata kusikia kwamba wingi wa fani ulimpunguzia ubora. Ebrahim Hussein naye, alipoandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, aliirudia njia hiyo hiyo ya mtambaji mmoja anayebeba kila kitu. Na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilizifundisha ngoma, muziki, maigizo na sarakasi chini ya paa moja. Mgawanyo huu wa vyumba, basi, si wa wazee wetu. Umetokana zaidi na shule ya kikoloni, ambamo mchezo wa kuigiza ulikuwa ni watu kusimama na kusemezana, na ngoma ikaachwa nje ya uzio.

Wapo watakaotujibu kwamba zeze na hadithi ni utamaduni, lakini katuni na gemu ni upuuzi wa watoto uliotoka ng'ambo. Wenye kusema hivyo aghalabu hawajaitazama kazi yenyewe. Katika filamu ya katuni, kwa kawaida mwigizaji huingia kwanza chumba cha kurekodi akayasema maneno, kisha wachoraji hufuata sauti yake: mdomo wa mnyama hufunguka pale ulipofunguka wa mtu, na mkono huinuka pale sauti ilipoinuka. Mwandishi asiyejua jukwaa hawezi kuandika maneno ya namna hiyo, kwa kuwa ataandika sentensi za kusomwa badala ya sentensi za kutamkwa. Gemu lina ugumu zaidi. Humo mwandishi haandiki njia moja tu. Huandika jibu la mchezaji aliyekwenda kisimani, na jingine la aliyekataa kwenda, na jingine la aliyekwenda kisha akarudi mikono mitupu. Muziki nao hauna budi kutungwa ili uweze kurefushwa au kukatwa kadiri mchezaji anavyochelewa au kuharakisha. Mtambaji aliyezoea kuurefusha wimbo kwa sababu watoto wameupenda angeielewa kazi hiyo mara moja.

Wengine wameielewa, tena kwa maneno yetu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni ya The Lion King. Shujaa wake ni Simba, mshauri ni Rafiki, ngiri ni Pumbaa, na fisi mmoja akaitwa Shenzi, neno la matusi ambalo wananchi wa bara wanalikumbuka vyema lilitoka katika vinywa vya nani. (Fisi mwenzake alipewa jina la Kijapani, jambo linaloonyesha jinsi majina hayo yalivyookotwa.) Lebo M, mwanamuziki wa Soweto, aliitilia filamu hiyo sauti za Kizulu, na mwaka 1997 ilipogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani huko New York yeye akaingia nayo jukwaani. Katuni, muziki na jukwaa vilikuwa kazi moja mikononi mwake.

Mwaka 2005 likatolewa gemu la Civilization IV, ambalo mchezaji huongoza taifa tangu zama za kale. Wimbo unaolifungua unaitwa Baba Yetu, nao ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ukawa wa kwanza kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Mchezaji wa Civilization IV aweza kuiongoza Misri, aweza kuiongoza Mali. Dola za pwani ya Waswahili hazimo. Lugha yetu imekaribishwa mlangoni iimbe, kisha ikaachwa hapo hapo mlangoni.

Hatusemi haya ili tumlaumu Tin, ambaye ametunga wimbo mzuri na wenye heshima. Wala hatuko pamoja na wale ambao kazi yao yote ni kulalamika. Disney iliomba mwaka 1994, na mwaka 2003 ikapewa nchini Marekani, haki ya kuyasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama ya biashara ya fulana. Mwaka 2018 maelfu kwa maelfu ya watu walitia sahihi waraka wa kulipinga jambo hilo. Hasira yao ilikuwa ya haki: bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imekwisha kuyaimba maneno hayo mwaka 1982, nayo yalikuwa midomoni mwa watu kabla ya hapo. Lakini sahihi haiandiki katuni. Miongoni mwa waliotia sahihi, tungependa kujua, wangapi wamekwisha kumwambia mtoto wao kwamba kuandika katuni si kazi ya mtu mzima?

Jirani zetu wa Kenya wanaye Eric Wainaina. Alianza na kikundi cha kuimba cha Five Alive, akatoa Nchi ya Kitu Kidogo mwaka 2001 kuwakaripia wala rushwa, akatunga mchezo wa nyimbo kuhusu Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, na mwingine, Mo Faya, ulioonyeshwa New York mwaka 2009. Kisha akatunga muziki wa Tinga Tinga Tales, katuni zilizochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, na mwaka 2018 zikapandishwa jukwaani. Jina la katuni hizo ni la mtu wetu, Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972. Rangi zilikuwa za kwetu. Hadithi za wanyama zilikuwa za Afrika. Lugha ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Hapa Dar es Salaam, Ubongo Kids ilipoanza mwaka 2014 ilifundisha hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili, na watoto wakazishika nyimbo hizo. Jambo hilo lawezekana, basi, wala halingoji mgeni.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mwandishi wa Kiswahili aingie mapema katika kazi hizi, nayo tunawaomba walimu wa lugha waitazame kwa makini. Magemu mengi hutengenezwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Programu huambiwa iunge vipande: "umepata", kisha jina la kitu, kisha "mpya". Kwa Kiingereza kivumishi hakibadiliki, kwa hiyo mashine haikosei. Kwa Kiswahili mchezaji atasoma "umepata kisu mpya" na "umepata mashoka mpya", na mtoto atakayeyasoma hayo mara mia kwa jioni moja atayaamini kuliko anavyomwamini mwalimu wake. Mfasiri anayeitwa mwisho, mashine ikiwa imekwisha kutengenezwa, hana la kufanya. Anayehitajika ni mwandishi aliyekaa na mafundi tangu siku ya kwanza, akawaambia kwamba kila kitu katika mchezo wao kina ngeli, na kwamba ngeli hiyo iandikwe kando ya jina la kitu kama inavyoandikwa bei yake. Ngeli zinazowachosha wanafunzi darasani zingekuwa hapo ujuzi wa kulipwa mshahara.

Tunasikia pia kwamba magemu huwaharibu watoto kwa kuwapotezea muda na kuwazoesha ukatili. Yapo ya namna hiyo, kama vilivyopo vitabu vya namna hiyo. Lakini hatukupata kuvichoma vitabu vyote kwa sababu hiyo, tuliandika vyetu.

Kwa hiyo tunataka hili katika masomo ya fasihi: mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma tamthilia apewe tukio moja lenye njia mbili, mchezaji akimsaidia mzee na mchezaji akimpita, aandike mazungumzo ya njia zote mbili na wimbo wa kuyaunganisha. Kisha wenzake wayaigize darasani, na darasa lichague njia kwa kupiga makofi. Kompyuta haihitajiki. Kalamu inatosha, na mwalimu asiyeona haya kuimba mbele ya wanafunzi wake.