Tupime Rangi, Tusingoje Kupima Damu ya Watoto

Kila ifikapo Sikukuu ya Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo hapa Unguja, na Tibirinzi huko Pemba, hujaa watoto wenye vichezeo vya rangi za kung'ara. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini ndani ya rangi yaweza kujificha adui asiyeonekana wala kunuka: madini ya risasi.

Hatusemi kwamba kila kichezeo kina sumu. Tunasema kwamba hapana mzazi awezaye kuitambua kwa macho. Kwa miaka mingi risasi imetiwa katika rangi ili zing'are, zikauke upesi na zizuie kutu. Rangi ikibanduka, mtoto huila pamoja na vumbi la viganjani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo huifyonza mara nne hata tano zaidi ya mtu mzima. Ubongo ukishadhurika, hapana dawa ya kuurudisha ulivyokuwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1904, Daktari Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, alionyesha kwamba rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza ndiyo iliyowadhuru watoto wa huko. Hata hivyo, Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, miaka 74 baadaye. Na mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ilirudisha kutoka madukani na majumbani vichezeo zaidi ya milioni moja kwa sababu ya risasi. Ikiwa nchi zenye maabara nyingi zimepitiwa, sisi ambao vichezeo vyetu hutufikia kwa meli tusitegemee bahati.

Kwa hiyo hapana budi Taasisi ya Viwango Zanzibar ipime shehena za vichezeo na rangi bandarini, kabla hazijafika Darajani. Kipimo kipo: Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni moja. Mabaraza ya Manispaa na skuli zinaponunua rangi ya mabembea, zidai cheti cha kipimo hicho. Rangi kuukuu isikwanguliwe kavu. Ilowanishwe kwanza, na watoto wawekwe mbali. Wafanyabiashara nao wakumbuke kwamba faida ipatikanayo kwa afya ya mtoto si faida. Na sisi wazazi tuwanawishe watoto mikono kabla ya kula, na tuondoe vichezeo vilivyobanduka rangi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Watoto ni amana tuliyokabidhiwa, na amana hailindwi baada ya kupotea. Nchi nyingine ziliijua sumu hii baada ya watoto kuugua. Sisi tunaijua mapema. Hatutakuwa na udhuru.