Kibaba, Likelemba na Daftari

Ndugu zetu wana wa Kamina, popote mlipo ughaibuni,

Wazee walituachia methali mbili, nasi tumeshika moja tukasahau mwenzake. Ya kwanza kila mtoto anaijua: haba na haba hujaza kibaba. Ya pili ni hii: bandu bandu huisha gogo. Zote zinasema juu ya kidogo kinachorudiwa. Kidogo hicho hujenga, na hicho hicho hubomoa.

Kibaba ni kipimo cha pwani. Vinne hufanya pishi moja. Kwetu Katanga mama zetu sokoni hupima unga wa bukari kwa meka. Jina ni lingine, somo ni moja: unga hujaa ndani ya chombo. Anayesema anaweka akiba huku hana chombo cha kuiwekea, anamwaga unga chini.

Chombo tunacho: likelemba. Tuseme watu kumi wanatoa yuro 50 kila mwezi. Kila mwezi mmoja anapokea 500, na mwezi wa kumi ukiisha kila mtu amepata zamu yake, bila riba. Lakini tazama uzito wake. Aliyepokea wa kwanza ana deni la miezi tisa mbele yake, na wa mwisho amewaamini wenzake muda huo wote. Likelemba huanza kufa siku ile aliyekwisha kupokea anapoanza kuchelewa. Leo anaomba wiki moja, kesho wiki mbili. Bandu bandu.

Hapo ndipo methali ya tatu inapotufaa: mali bila daftari huisha bila habari. Na mtu asituambie kuwa kuweka kumbukumbu ni desturi ya kuazima. Katika nchi ya Waluba, chama cha Mbudye kilitunza habari za wafalme kwa lukasa, ubao wa kushikwa mkononi wenye shanga na makombe, na aliyefunzwa aliusoma kwa kuugusa. Wazee hawakuziacha habari za ufalme zipeperuke. Sisi tutaachaje karo ya watoto bila kuiandika, tukijua shule za kwetu hufunguliwa kila Septemba, halafu Agosti tuhangaike kukopa?

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kila nyumba iwe na daftari, na kila kinachotoka kiandikwe siku hiyo hiyo, hata kikombe cha kahawa. Kila kikundi cha likelemba kiandike zamu na tarehe, kila mwanachama apewe nakala. Na anayeona mwezi utamshinda, aseme mapema kabla ya tarehe, maana wenzake watamsaidia zaidi anayesema kuliko anayezima simu.

Akiba haiozi. Anza na mwezi huu, kwa kiasi ulicho nacho, na ukiandike.