Muda ndio kila kitu katika kupima maji ya bahari

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi ya kupima kemikali kama haidrojeni peroksaidi katika maji ya bahari: muda. Haidrojeni peroksaidi hutokea pale mwanga wa jua unapopiga mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka katika maji ya juu ya bahari, na kiasi chake kwa kawaida ni makumi hadi mamia machache ya nanomoli kwa lita. Vijidudu huivunja ndani ya saa kadhaa au siku chache. Superoksaidi, kemikali nyingine ya oksijeni inayopimwa baharini, hudumu sekunde au dakika tu. Sampuli ikisafirishwa hadi maabara ya mjini, inakuwa imeshabadilika. Ndiyo maana watafiti huyapima maji palepale melini: huyachanganya na kemikali inayotoa mwanga ikikutana na peroksaidi, kisha hupima mwanga huo. Mvua nayo iangaliwe, kwani hubeba peroksaidi nyingi kuliko bahari yenyewe. Ombi langu kwa wanaochapisha takwimu hizi: andikeni pia saa ya kuchota maji, kina, na muda uliopita kabla ya kupima. Bila hayo, namba haituambii lolote.